Harusi Isiyo na Moshi

Fuso la kuni halikuja. Mambo yalianzia hapo, na mtu asije akawaambia vingine. Kagaruki, mwenyekiti wa kamati ya harusi, alikuwa ameahidiwa kuni kavu kutoka Ngenge, za kutosha kupikia watu mia tatu. Wiki tatu kabla ya siku yenyewe, mwenye fuso akapiga simu kusema kwamba kijiji kimepiga marufuku kukata miti, na yeye hayuko tayari kulala mahabusu kwa ajili ya ndizi za watu.

"Basi tutakata ile mishambya ya kisimani," Kagaruki alitangaza, akiwa amesimama uani Buganguzi, mikono kiunoni. "Tukiipasua sasa hivi, jua hili la kyanda litaikausha. Nimeshaongea na Mutembei. Ana chenso."

Immakulata alikuwa amekaa mkekani akipukuchua maharage. Mikono yake ikasimama yenyewe.

"Mishambya ya Gamaliel?" aliuliza.

"Shemeji, miti ni miti. Rwekaza anaoa. Unataka wageni wale ndizi mbichi?"

Kagaruki alikuwa mdogo wake Gamaliel, marehemu mume wa Immakulata. Alikuwa amestaafu na kujenga Kitendaguro, kule Bukoba mjini, na kwa kuwa kaka yake hayupo, yeye ndiye aliyesimama kama baba wa bwana harusi. Hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake ni moja tu: alikuwa na haraka. Angeweza kufungua bahasha ya mchango kabla mtoaji hajamaliza kusalimia.

Na Immakulata hakuwa mtu wa kelele. Hapana, nadanganya. Alikuwa mtu wa kelele sana, ila si mbele ya shemeji yake, na si katika jambo la ndoa ya kitindamimba wake. Aliinama akaendelea na maharage. Lakini moyoni alikuwa anaumia hasa.

Ile mishambya ilikuwa mitatu, imesimama bondeni, mahali kibanja cha migomba kinapoishia. Gamaliel aliipanda baada ya mwaka ule ambao kyanda, kiangazi chetu, kiligoma kuisha, kisima kikabaki kudondoka tone moja moja, na wanawake wakakaa foleni na vibuyu mpaka wakaanza kugombana. Aliimwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo. Watu walimcheka, eti anainywesha miti huku watoto wana kiu. Miti ikakua, maji yakarudi. Ikawa kila mwaka inamwaga maua ya njano kisimani, na watoto wanayavaa vidoleni na kujifanya wana kucha ndefu za mabibi wa mjini. Rwekaza naye aliyavaa, na alikuwa analia yakichanika.

Wakati ule mvua ilikuwa na adabu. Ilikuwa ikisema inakuja, inakuja, na Novemba senene walikuwa wanaangukia hata kwenye sufuria. Siku hizi unaweza kupanda maharage, ukakaa kibarazani kuingojea mpaka ukachoka, halafu ikaja kwa siku mbili na kubeba udongo wote. Redioni wanasema ni mabadiliko ya tabianchi. Immakulata hakuhitaji kuambiwa jina lake. Alikuwa anayaona kwenye mashina ya migomba. Jirani wa ng'ambo alikata miti yake ya asili akapanda mikalatusi, na kisima chake kikakauka kabisa. Sasa mke wake anapanda na kushuka kilima na madumu kuja kuchota kwa Immakulata. Mishambya ikianguka, wote wawili wataenda kuchota wapi?

Hilo ndilo lililokuwa linamla. Si mbao, si kivuli. Maji.

Usiku ule hakulala vizuri, na alfajiri, akiwa anawasha moto wa uji, akamkumbuka Edvina.

Edvina alikuwa mama mkwe wake, mama wa Gamaliel na wa huyu huyu Kagaruki. Immakulata aliletwa kwake akiwa msichana mbichi, enzi zile nyumba bado ni mushonge, ya mviringo, imeezekwa nyasi mpaka chini, na sakafu yake inatandikwa nyasi laini za rweya, uwanda wa malisho. Mawe, mama yangu! Harufu ya zile nyasi zikiwa ndiyo kwanza zimetandikwa! Zikichakaa, zinabebwa kupelekwa kwenye migomba, na nyingine zinatandikwa. Hakuna kilichotupwa kwa Edvina. Maganda yalikwenda kwa ng'ombe, samadi ya ng'ombe ikaenda kibanjani, na kibanja kikarudisha ndizi.

Na Jumapili alikuwa na mambo yake. Aliinuka mapema, akachemsha maharage, akapanga ndizi juu yake kwenye chungu, akafunika kwa majani ya mgomba, akaacha vitokote kidogo tu. Halafu, huku bi harusi Immakulata akimtazama kwa mshangao, aliutoa moto. Aliuzima kabisa! Chungu akakizika kwenye shimo alilolijaza nyasi kavu na majani makavu ya migomba, akakifunika kwa nyasi nyingine na blanketi kuukuu juu, akajifunga kitenge, wakaenda misani. Ilikuwa mwendo mrefu, na padre wa siku zile alipenda kuhubiri. Wakirudi, chakula kimeiva, kimoto, laini, unakimega kwa kidole.

Aliyekuwa hafurahi ni mmoja tu, Kagaruki, kijana wa miaka kama kumi hivi wakati huo. Alikuwa anapenda ukoko. Siku nyingine zote alikuwa anagombania lile gamba tamu la chini lililoshika chungu, lakini Jumapili hapakuwa na ukoko, kwa sababu hapakuwa na moto wa kuunguza kitu. Alinuna kila Jumapili. Na kila Jumapili alitaka kubaki nyumbani, eti tumbo linauma, na kila Jumapili Edvina alimkamata sikio akamburura mpaka kanisani. "Huyu akibaki," alikuwa anasema, "tutakula mbichi." Immakulata hakuwahi kuelewa alikuwa na maana gani.

Zikaja bati, zikaja sufuria, ukaja mkaa wa kununua. Mushonge ikabomolewa. Edvina akafariki, na Immakulata mwenyewe, sijui kwa nini, akaacha ule upishi. Pengine aliona ni umaskini. Wengi wetu tuliona hivyo.

Jumapili hiyo akajaribu. Akachimba shimo dogo nyuma ya jiko, akaweka majani makavu, akachemsha maharage na ndizi, akazika sufuria. Halafu akakaa pale pale. Baada ya muda akafunua kidogo aone kama joto bado liko ndani. Lilikuwepo. Akafunika. Akafunua tena, akabonyeza ndizi kwa mwiko. Akafunika. Akafunua.

Kagaruki alipokuja mchana kuzungumzia turubai na viti, akakuta sufuria imeshaopolewa. Akachota. Akatafuna. Akatafuna tena, taratibu, halafu akageukia migombani akatema.

"Shemeji," alisema, akijifuta mdomo, "haya ndiyo unataka kulisha ukoo wa Joanitha? Watamchukua binti yao warudi naye!"

Alicheka, na kicheko chake hakikuwa na ubaya, lakini Immakulata aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Ndizi zilikuwa ngumu katikati. Maharage yalikuwa risasi.

"Mutembei anakuja Alhamisi," Kagaruki akasema.

"Mwambie asije kabla sijarudi kutoka Bukoba. Nakwenda kuchukua masufuria."

Masufuria hayo makubwa yalikuwa ya kuazima kwa Kantaben. Zamani, mtaa ule wa maduka pale Bukoba ulijaa Wahindi. Ungeweza kununua uzi, msumari na sukari bila kuvuka barabara. Sasa wamebaki wa kuhesabika. Kantaben alikuwa bado yupo, ana miaka themanini na kitu, amekaa nyuma ya kaunta ile ile, anaongea Kihaya cha Bukoba bila kigugumizi, na mwanawe Sunil kila wiki anampigia kutoka Dar kumwambia afunge duka aende akapumzike. "Nipumzike nikifanya nini?" alikuwa anamjibu. "Nitazame ukuta?"

"Mama Rwekaza, waitu!" akaita alipomwona Immakulata mlangoni. "Mtoto anaoa na wewe umekonda namna hiyo?"

Immakulata akaketi kwenye gunia la mchele akamweleza yote. Fuso, mishambya, kisima, ile sufuria ya aibu. Kantaben alikuwa anasikiliza huku anapepea nzi kwa kipande cha boksi.

"Shimoni uliweka nini?"

"Majani makavu. Nyasi."

"Sawa. Ulichemsha kwanza vizuri?"

"Nilichemsha."

"Halafu ukakaa wapi?"

"Pale pale. Nilikaa karibu niangalie."

"Ukafunua mara ngapi?"

Immakulata akaanza kuhesabu kwa vidole.

Kantaben akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika kaunta. "Mama mkwe wangu," alisema alipopata pumzi, "alikuwa anachemsha dengu, anaviringisha sufuria kwenye godoro la pamba, anasukuma chini ya kitanda. Wakati huo mafuta ya taa yalikuwa shida. Halafu ananiambia, haraka, vaa sari, twende hekaluni. Kila mara! Mimi nikaandika kwa mama yangu kwamba nimeolewa kwa watu wacha Mungu sana. Kumbe alikuwa ananitoa nyumbani! Alijua nikibaki nitafunua, na joto likitoka halirudi."

Immakulata alianza kucheka naye, halafu kicheko kikamkatikia njiani. Alimwona Edvina na kitenge chake, na mkono wake umeshika sikio la kijana, wanapanda kilima. *Huyu akibaki tutakula mbichi.*

"Mawe," alisema polepole. "Kumbe misa ilikuwa sehemu ya mapishi."

Macho yalimjaa machozi pale dukani. Miaka yote ile alikuwa na lile jibu, na mwenye jibu hayupo tena wa kumwambia asante. Kantaben aliinuka, akaingia stoo, akatoka anaburuta rundo la magunia ya katani, mazito, yaliyobaki tangu marehemu mume wake alipokuwa ananunua kahawa. Bado yalikuwa yananukia.

"Funika kwa haya," alisema. "Sunil anataka niyachome moto. Yeye anaona takataka."

Immakulata alirudi Buganguzi na masufuria juu ya basi na magunia miguuni, na safari hii hakunyamaza mbele ya shemeji yake. Walizozana uani mpaka kuku wakahama. Kagaruki alisema harusi si mahali pa kufanyia majaribio. Immakulata alisema ameshapika harusi nyingi kuliko alizokula yeye. Kagaruki alisema heshima ya ukoo. Immakulata alisema ukoo utakunywa nini kisima kikikauka, utakunywa heshima? Mwishowe Rwekaza, ambaye alikuwa mpole na alitaka tu kuoa kwa amani, akasema, "Baba mdogo, kama mama anasema ataweza, basi ataweza."

Kagaruki akainua mikono. "Haya. Lakini Mutembei atakuja siku hiyo hiyo, akae pale kisimani na chenso yake. Ndizi zikiwa mbichi, naangusha miti yote mitatu, na kuni mbichi hizo hizo tutaziwasha kwa petroli. Na wewe, shemeji, utawaeleza wageni mwenyewe."

"Nitawaeleza," alisema Immakulata.

Mashimo hayakumsumbua. Kila mtu mzima pale anajua shimo la kuivishia ndizi za rubisi, na ya Gamaliel yalikuwa bado yapo kibanjani, makubwa, yamejaa majani yaliyooza. Wanaume walinung'unika walipoona wanawake wanayazoa. Mashimo ya pombe yawe ya mapishi? Immakulata aliwaambia wakitaka kushika koleo wasaidie, wasipotaka wakae kimya, na wakasaidia. Mashimo yalisafishwa na kupanuliwa, yakaachwa yakauke, yakatandikwa nyasi za rweya na majani makavu ambayo watu wengi siku hizi wanayafagia na kuyachoma eti kibanja kionekane kisafi. Na kuni? Alikusanya matawi ya mibuni yaliyopogolewa, boriti za banda la zamani na magunzi ya mahindi. Lilikuwa rundo la kusikitisha. Wapishi waliliangalia wakaangaliana.

Jumamosi yenyewe, ukungu ulikuwa bado uko bondeni wanawake walipoanza. Ndizi zilikuwa zimemenywa, zimelowa kwenye maji. Nyama ilichemka kwanza, halafu maharage, ambayo yalipewa muda wao kamili, halafu ndizi zikapangwa juu na majani ya mgomba yakafunika kila kitu. Vikatokota. Kwa ile mioto midogo ilichukua muda, lakini vikatokota. Immakulata akaamuru masufuria yashushwe mashimoni, mifuniko ikazibwa kwa majani, zikaja nyasi, yakaja magunia ya Kantaben, na juu kabisa wakamwaga udongo. Halafu akachukua ndoo akamwagia maji makaa yote.

Wapishi walishika vichwa.

"Haya," alisema Immakulata. "Kaogeni. Tunakwenda kanisani."

"Nani anabaki jikoni?" mmoja aliuliza.

"Hakuna."

Ilikuwa kama amewaambia wavue nguo. Tangu lini mpishi akaenda kwenye misa ya harusi? Mpishi ni mtu wa moshi! Yeye anasikia kengele kwa mbali, anafuta macho kwa kiwiko, anaendelea kukoroga, na jioni anaonyeshwa picha. Immakulata mwenyewe alikuwa ameoza watoto wa kiume wanne bila kuona hata mmoja akivishwa pete. Wa kwanza alipokuwa anasema "nakubali," mama yake alikuwa anapepea figa. Hakuwahi kulalamika. Alijua mama ndivyo anavyopaswa kufanya. Lakini Rwekaza ndiye wa mwisho, na hakutakuwa na mwingine.

"Anayebaki atafunua," aliwaambia. "Hata mimi nikibaki nitafunua. Kaogeni."

Wakaoga. Wakavaa vitenge vyao vya sanduku, wakapakana mafuta, wakacheka kama wasichana, wakapanda kilima kwa kundi, mikono mitupu. Mutembei alikuwa ameshafika kisimani, amekaa kwenye jiwe, chenso mapajani. Aliwatazama wakipita bila kuelewa chochote.

Kagaruki alikuwa benchi la mbele, ndani ya suti. Kwaya ilipoanza akasikia sauti anazozifahamu, akageuka. Wapishi wake wote walikuwa wamejaza mabenchi mawili upande wa wanawake, wanaimba kwa nguvu zao zote, na katikati yao alikuwa Immakulata. Mdomo wake Kagaruki ukabaki wazi. Alifanya ishara kwa vidole, ya kuuliza nani yuko nyumbani. Immakulata akaelekeza kidole juu, kwa Mungu, akaendelea kuimba.

Halafu Rwekaza akashika mkono wa Joanitha, na Immakulata akamsahau Kagaruki, akasahau na ndizi. Alimwona mwanawe akivishwa pete. Alimwona akigugumia, halafu akasema maneno yote vizuri. Alilia bila kujificha, na mpishi wa kushoto akamshika bega, na yeye analia pia, kwa watoto wake mwenyewe ambao hakuwaona. Padre alihubiri kwa muda mrefu sana. Immakulata alitamani ahubiri zaidi.

Waliporudi, wageni walikuwa wameanza kujaa chini ya turubai, na mnong'ono ulikuwa umetangulia. Watu walinusa hewa. Waliangalia upande wa jikoni. Harusi gani haina moshi? Mzee mmoja wa upande wa Joanitha aliuliza kwa sauti kama chakula kinaletwa na gari kutoka Bukoba. Kagaruki alikuja migombani nusu anakimbia, tai imepinda, uso umemtoka jasho.

"Shemeji, umeniua," alisema. "Umeniua mbele ya watu. Mutembei nimwambie awashe?"

"Ngoja nifukue."

Alipiga magoti mwenyewe. Udongo, gunia, nyasi. Nyasi zilikuwa zina joto, na hapo tumaini likaanza kumpanda kifuani, akaogopa kuliamini. Akashika mfuniko kwa kitenge, akauvuta.

Mvuke ulimpiga usoni, na ndani ya mvuke ilikuwepo harufu ya nyasi kavu, majani ya mgomba na ndizi zilizolainika, harufu ya nyumba ya Edvina siku ya Jumapili, yote, kama vile mama mkwe amesimama nyuma yake anajifungua kitenge. Immakulata alitumbukiza mwiko. Ukazama bila kugusa kitu kigumu. Alibonyeza haragwe kati ya vidole likapasuka.

"Opoeni yote," alisema. Wapishi wakapiga vigelegele mpaka wageni wakasimama.

Waliandaa juu ya majani ya mgomba, na watu wakala. Yule mzee wa upande wa Joanitha aliongezwa mara mbili akaacha kuuliza habari za gari. Wapishi walizunguka na mabeseni, safi, macho hayana wekundu, na bi harusi mwenyewe aliwashika mikono mmoja mmoja akiwashukuru kwa wimbo wa kanisani, maana alikuwa amewaona.

Immakulata alipokwenda kuangalia kama chakula kimebaki, alimkuta Kagaruki peke yake migombani. Amevua koti. Amechuchumaa kwenye ukingo wa shimo, sufuria tupu iko kati ya magoti yake, na anakwangua chini kwa mwiko. Alikuwa anakwangua polepole, anaangalia ncha ya mwiko, anakwangua tena.

"Hakuna ukoko," alisema bila kuinua kichwa.

Mpishi aliyekuwa anapita alidhani analalamika, akaanza kumjibu vibaya. Immakulata akamwashiria aende.

"Hakuna, shemeji. Moto ulizimwa."

Kagaruki aliulamba ule mwiko. Uso wake mpana wa mwenyekiti wa kamati ulikunjamana kama wa mtoto, na machozi yakamtiririka, na hakuyafuta. "Nilikuwa namnunia," alisema. "Kila Jumapili nilikuwa namnunia mama yangu kwa ajili ya ukoko. Anatoka misani amechoka, ananipakulia, na mimi nimenuna."

Immakulata alikaa chini kando yake, na kitenge chake kizuri kikashika udongo. Hakumwambia kwamba si kitu, kwa sababu na yeye alikuwa na deni lake kwa Edvina. Ngoma ilikuwa imeanza kule uani.

Kagaruki alisimama, akaenda mpaka mahali kibanja kinapoanza kuteremka, akaweka mikono mdomoni.

"Mutembei!" akaita. "Acha hiyo chenso, njoo ule!"

Akarudi, akaokota koti lake, akalikung'uta nyasi.

"Shemeji, kesho ni Jumapili," alisema. "Utazika tena chungu?"

"Nitazika."

"Basi nitalala hapa. Nitakula ndipo nirudi Kitendaguro." Akafuta pua kwa mkono wa shati. "Na misani itabidi niende, au siyo?"

"Utakwenda," alisema Immakulata, na akamshika sikio. "Ukibaki utafunua."